Kunukuu mahojiano ya wakulima wa mwani: ELAN, oTranscribe au Whisper?

msomi_tunguu
Asalam alaykum. Tuna mahojiano na majadiliano ya vikundi, Paje hadi Makunduchi, Unguja, tunataka kuyageuza maandishi. Faili ni m4a za simu, nyengine ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Upepo mwingi, na watu wazima wanazungumza Kikae, lahaja ya kusini Unguja. Laptopu ina RAM ya GB 8, pesa ya leseni hakuna. Mwishowe msimamizi anataka misimbo ya mada, yaani kila kipande cha maneno kibandikwe jina la mada yake. Nishike ipi?

darajani_88
Waalaykum salaam. Hizo ni kazi mbili, kunukuu na kuweka misimbo, usizitafutie programu moja. Kama shida ni maneno tu, oTranscribe inatosha. Inafunguka kwenye kivinjari, na sauti haipandishwi popote. Esc kucheza na kusimamisha, F1 kurudi nyuma, F3 kupunguza kasi, Ctrl+J kubandika muda. Ubaya wake, maandishi yanakaa ndani ya kivinjari: mtu akisafisha historia, kazi imekwenda. Kila ukiinuka pakua nakala, faili ya .otr. Misimbo kafanyie Taguette, programu ya kubandika misimbo kwenye maandishi. Ni bure, inapokea docx na PDF, ila sauti haiigusi.

kikae_kusini
Kwa vikundi na kwa Kikae, ELAN. Ni ya bure, imetengenezwa Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen. Kila msemaji mpe tabaka lake, yaani mstari wake wa maandishi unaokwenda na muda wa sauti, na chini yake tabaka la Kiswahili sanifu la aina ya "Symbolic Association", kila kipande cha sanifu kifungike na kipande mama. Bibi watatu wakisema kwa mpigo, oTranscribe inakulazimisha uwapange foleni. ELAN kila mmoja anabaki na muda wake.

Kabla ya yote geuza sauti kuwa WAV kwa ffmpeg, programu ya kugeuza faili kwa amri:

ffmpeg -i sauti.opus -ac 1 -ar 16000 sauti.wav

Saa moja itachukua kama MB 115. Faili asilia usifute. Mp3 ya VBR (yenye kiwango cha biti kinachobadilika) iepuke, muda huteleza: mwanzoni kipande kinakaa sawa, mbele huko maneno yashapita mpaka. Halafu ingia "Segmentation Mode", Enter usemi unapoanza, Enter unapoisha. Maliza kukata ndipo uhamie "Transcription Mode" uandike. Ukichanganya mikono inachoka bure.

Jengine: .eaf, faili ya ELAN, haibebi sauti, inakumbuka tu ilipo. Ukimtumia msimamizi .eaf peke yake atafungua ukimya. Weka zote mbili folda moja, na umpe folda.

mtambwe
Whisper msiidharau, inasikiliza na kuandika yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida inatoa rasimu. Lakini kwa GB 8 bila kadi ya picha usiote modeli yake ya "large", inataka kumbukumbu ya kama GB 10. "Small" inataka GB 2 hivi. Na andika `--language sw`. Ukiiacha ikisie, inasikiliza sekunde 30 za mwanzo tu, na mahojiano yetu yanaanza kwa salamu za Kiarabu.

kikae_kusini
Rasimu ya Kikae haina maana, shekhe. Inasawazisha: mtu kasema umbo la kwao, Whisper inaandika sanifu au neno linalofanana nalo, na sentensi inasomeka vizuri mno hata hushituki. Palipo upepo mtupu hubuni maneno.

mtambwe
Hapo kweli. Basi itumie kwa wahojiwa wanaozungumza sanifu tu. Toa SRT (faili ya manukuu yenye muda), ELAN inaipokea kwenye Import. Haitambui nani anasema, kwa hiyo kugawa vipande kwa wasemaji ni kazi ya mkono.

msomi_tunguu
Ahsanteni. Na misimbo, niiweke ELAN humo humo?

darajani_88
Inawezekana: tengeneza "Controlled Vocabulary", orodha ya misimbo iliyofungwa, na tabaka la mada, unachagua kwenye orodha badala ya kuandika, "soko" isigeuke "masoko" faili ya tatu. Lakini mada ikienea dakika nne inachosha. Toa matini ya sanifu, ifungue kwenye LibreOffice Writer, badilisha majina ya watu kuwa M01, M02, hifadhi docx, ndipo uingize Taguette. Taguette yenyewe isakinishe kwenye laptopu yako, usitumie ya mtandaoni kwa data yenye sauti za watu wa kijiji kimoja. Hata bila jina wanajuana.

kikae_kusini
Na ukitaka kupima matamshi kwa Praat, programu ya kuchambua sauti, baadaye, vipande hivyo WAV yake iache 44100 (ile namba ya -ar, sampuli kwa sekunde), usishushe 16000.