Walengwa wa filamu yetu ya taharuki: "miaka 15 hadi 35" imekataliwa

mshika_kamera

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo mwaka wa pili wa masomo ya filamu. Kikundi chetu cha watu wanne tunatengeneza filamu fupi ya taharuki, dakika 12, na kabla ya kufunga uhariri lazima tuwasilishe maelezo ya hadhira lengwa. Tuliandika: "Vijana wa kike na wa kiume wa miaka 15 hadi 35 wanaopenda filamu za kusisimua." Mwalimu karudisha karatasi, pembeni ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Nani?"

Tulisambaza hojaji mtandaoni, wakajibu watu 43, karibu wote marafiki zetu. 31 wanapenda filamu za taharuki, 38 wanapenda mwisho wasioutarajia. Nimezikodolea macho hizo namba siku mbili na hazijanisaidia kuamua hata shoti moja (kipande kimoja cha picha).

Hadithi ni hii: msichana kapanga chumba kwa mara ya kwanza, anaishi peke yake. Kila akitoka hufunga mlango kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Usiku mmoja anarudi, anazungusha ufunguo mara moja, mlango haufunguki. Anazungusha tena, unafunguka. Mtu kaufunga mara mbili. Ndani kila kitu kipo mahali pake. Mwenye nyumba anamwambia, "Umesahau tu, mwanangu." Hakuna damu wala silaha filamu nzima.

Naipenda sana hadithi hii, sitaki iishie kuwa zoezi la maksi. Ninyi mnawajuaje watu wenu?

daftari_la_pili

Mkuu, anzia kwenye nadharia, walimu wanazitaka. Watafiti wa mawasiliano Katz, Blumler na Gurevitch, miaka ya 1970, waligeuza swali: badala ya kuuliza filamu inamfanya nini mtazamaji, waliuliza mtazamaji anaitumia kwa haja gani. Kupumzisha akili, kupata la kuzungumza na wenzake, kujiona mwenyewe, kujua mambo ya dunia. Halafu Stuart Hall, mtaalamu wa masomo ya utamaduni, mwaka 1973, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuipokea maana uliyoikusudia, akaikubali nusunusu, au akaipinga kabisa. Ukishaweka hizo, ongeza umri, jinsia, kipato na elimu. Utapita.

mhariri_wa_usiku

Mdogo wangu, nimehariri filamu fupi kwa miaka tisa, na hilo "Nani?" ndilo swali ninaloanza nalo kila kazi. Mwalimu wako msikilize.

Ndugu daftari_la_pili kasema kweli kuhusu Hall, na mimi ningeanzia hapohapo. Mwenye nyumba wako anasema "umesahau tu." Kuna mtazamaji atakayemwamini, na kuna atakayesisimka mwili. Wote wawili wanaweza kuwa na miaka 22, jinsia moja, kipato kimoja. Kilichowatofautisha hakimo kwenye hojaji yako.

Umri ni uzio tu. Wa miaka 15 hajawahi kushika ufunguo wa chumba chake. Wa miaka 35 pengine ndiye mwenye nyumba. Walengwa wako umeshawataja mwenyewe kwenye swali: "kapanga chumba kwa mara ya kwanza."

Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alipozungumza na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji kapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini mwonyeshe bomu kwanza, ajue litalipuka saa ngapi, kisha waache wale watu waendelee na soga: umempa dakika 15 za taharuki. Yaani taharuki inakaa kwenye kile mtazamaji anachokijua. Bomu la Hitchcock kila mtu analijua. Bomu lako wewe ni mzunguko wa pili wa ufunguo, na hilo analijua yule aliyewahi kulala huku akiwaza kwamba kuna mtu mahali fulani ana ufunguo wa akiba. Huyo humwelezi kitu. Kwa mwingine ni kitasa kibovu.

Hili nimelijua kwa maumivu. Niliwahi kuhariri filamu ya mlezi anayemuuguza mama mtu mzima, na taratibu tunaanza kumshuku. Kulikuwa na shoti moja: anamimina dawa kijikoni, anampa mama, anafunga chupa, anasita, anaifungua tena, anamimina kijiko cha pili. Sekunde tisa. Chumba cha uhariri wote tuliona inachosha, nikaikata ikabaki mbili. Siku ya kuionyesha, mwanamke mmoja mstari wa mbele alijishika mdomo, peke yake ukumbi mzima. Baadaye akaniambia alimuuguza baba yake miaka miwili. Akauliza, "Mbona mliipitisha haraka vile?" Filamu ilikuwa ya watu kama yeye na mimi niliikata kwa ajili ya watu wasiojua kijiko cha pili ni nini. Hadi leo shoti ile inaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua mkato wa kwanza, yaani filamu ilivyounganishwa mara ya kwanza, hata kama sauti haijakaa sawa. Tafuta watu kumi au zaidi kidogo, wasiwe rafiki zako, wengine wapangaji wanaoishi peke yao, wengine wanaoishi kwao. Usikae nyuma yao. Kaa kando ya skrini uwatazame usoni, na karatasi yenye dakika umeshaziandika. Andika nani kasogea, nani kashika simu, nani kaacha kutafuna. Ikiisha usiulize "mmependa?" kwa sababu watakuonea huruma. Uliza: "Dakika ya nne ulidhani nini kinaendelea?" na "Ulianza kumshuku nani, lini?" Majibu hayo ndiyo maelezo yako ya hadhira.

Na huo uzio wa umri uchunge kwa sababu moja: madaraja ya bodi za filamu. Uingereza, kwa mfano, filamu yenye alama ya 15 sinema haimruhusu mtoto wa miaka 14 hata akija na mzazi. Ukiandika walengwa wanaanzia 15 kisha ukaweka kitu cha 18, umewafungia mlango uliowaalika. Wewe huna damu, upo salama, ila lugha chafu na vitisho navyo huhesabiwa.

sauti_ya_chini

Nyongeza fupi. Jua pia wataitazamia wapi. Mwaka 1960 Hitchcock alizitaka sinema zisimruhusu mtu kuingia filamu yake Psycho ikishaanza. Mtu alikuwa amekaa gizani na mlango umefungwa. Wa kwako ana simu mkononi na kidole kipo tayari. Mzunguko wa pili ukija dakika ya nne, wengi hawatafika. Na wengine wanatazama bila sauti kabisa, basi mkono wake kwenye ufunguo lazima ueleweke hata kwa macho matupu.

mshika_kamera

Mrejesho, wakuu.

Tumeionyesha kwa watu 11. Wapangaji sita, wanne wanaishi kwao, na mmoja ni baba wa mwigizaji wetu aliyekuja kumchukua binti yake, tukamkaribisha akae.

Wale wanne walitulia vizuri, lakini mlango ulipogoma wawili walishika simu. Mmoja aliniuliza baadaye kwa nini haiti fundi. Wapangaji sita hakuna aliyegusa simu. Dada mmoja, ufunguo ulipozunguka mara ya pili, aliingiza mkono kwenye mkoba wake bila kuangalia, akautoa ameshika funguo zake. Akakaa nazo kiganjani hadi mwisho. Nilikuwa naandika nikaacha kuandika.

Ambaye sikumtegemea ni yule baba. Mwenye nyumba aliposema "umesahau tu, mwanangu," alisema kwa sauti, "Hapana." Binti yake kapanga chumba mwezi uliopita.

Nimeandika upya: "Filamu hii ni ya msichana aliyeondoka kwao karibuni, anayelala peke yake kwenye chumba ambacho mtu mwingine ana ufunguo wake, na ambaye amewahi kuambiwa anawaza kupita kiasi. Nyuma yake, ni ya mzazi anayesubiri ujumbe wake kwamba amefika salama." Halafu nikaeleza tulivyowapata, na Hall nikamweka kwenye sehemu ya mwenye nyumba. Mlango tumeuhamishia sekunde ya 50. Bado kuna kitu sikijui: shoti yenyewe ya ufunguo niifanyeje?

mhariri_wa_usiku

Ina sekunde ngapi sasa?

mshika_kamera

Tatu, na muziki unaanzia hapo.

mhariri_wa_usiku

Ondoa muziki. Iache sekunde saba au nane: mzunguko wa kwanza, mkono usite, kisha wa pili. Mwite yule dada mwenye funguo aitazame tena, na mara hii muulize ni wapi alitaka kuvuta pumzi.