Dalali kauza Noah ya baba mdogo 14.5M, mwenyewe kaambiwa 11 na kapewa 5. Kadi bado tunayo. Tufanyeje?

Mtoto wa Ukara

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa niaba ya baba mdogo. Yuko Nansio, na mtandao kwake unaishia WhatsApp.

Alikuwa na gari aina ya Noah, namba D, aliyokuwa akiitumia wakati anakaa Igoma. Aliporudi kisiwani akaona haina kazi tena, akaamua aiuze. Kuna dalali mmoja anayeegesha magari ya watu kando ya barabara kuelekea Buzuruga, jina naliacha. Akampelekea gari, funguo moja, na kopi za kadi na kitambulisho. Kadi halisi ya gari alibaki nayo. Hawakuandikiana kitu, ila kuna ujumbe wa sauti wa mzee, ninao: "Usiiuze chini ya milioni 11. Ukimaliza kazi, laki tano yako."

Baadaye dalali akapiga simu: mteja kapatikana, ni 11 kamili, kalipa nusu, nyingine wiki ijayo. Akatuma milioni 5. Tangu hapo kila wiki ni wiki ijayo.

Juzi mzee anapigiwa simu na mama mmoja wa Katoro. "Shikamoo mzee, mimi ndiye niliyenunua gari yako, kadi naipata lini?" Kumbe mama alilipa milioni 14.5 zote siku ileile, benki, kwenye akaunti ya dalali. Akaturushia picha ya mkataba wa mauziano. Bei 14.5, muhuri wa wakili upo, na sahihi ya baba mdogo ipo. Wakati siku hiyo baba mdogo yuko Nansio na hajawahi kuiona hiyo karatasi.

Dalali tumembana, anasema cha juu ni chake, "ndiyo biashara ya magari ilivyo", na milioni 5.5 ya mzee iliyobaki atalipa kidogo kidogo. Polisi tumeenda, tumejibiwa hayo ni madai, nendeni mahakamani.

Sasa binamu yangu anataka twende Katoro na funguo ya akiba tukaitoe gari. Anasema siku hizi daraja lipo, ni kwenda na kurudi. Inawezekana kisheria? Cha juu ni halali ya nani? Na huyu mama tumpe kadi au tumkatalie?

Jiwe la Bismarck

Funguo mnayo, kadi mnayo, jina ni la mzee. Nendeni mkachukue mali yenu. Mkishaiweka ndani ya geti dalali atatafuta hela mwenyewe.

Mvuvi Mstaafu

Nani analipa 14.5 bila kuona kadi? Hii chai.

Mtoto wa Ukara

Mvuvi, alionyeshwa kopi ya kadi na kopi ya kitambulisho cha mzee, akaambiwa mwenye gari yuko kisiwani, kadi halisi inakuja na meli. Namba ya simu ya mzee aliitoa kwenye hizo kopi. Angekuwa tapeli asingetutafuta.

Bi Kirumba

Jiwe, wewe ndiye utakayewapelekea chakula mahabusu? Mama wa watu katoa hela yake halali, halafu usiku gari linaondoka uani kwake. Atapiga kelele za wezi, na Katoro unaijua mwenyewe, watu hawasubiri kuonyeshwa kadi.

Muhuri Mbele Yangu

Nafanya kazi za uwakili kanda hii, acha niseme kidogo. Huyo binamu mzuieni leo hii.

Mzee alimtuma mtu auze. Akampa gari, akampa funguo, akampa kopi za kumwonyesha mnunuzi. Alipoambiwa limeuzwa, akapokea milioni 5. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anachofanya wakala ndani ya kazi aliyotumwa kinamfunga aliyemtuma, na ukipokea fedha ya jambo lililofanywa kwa jina lako, umeliridhia. Sahihi ya kughushi ni kosa la aliyeighushi, lakini mauzo yenyewe hayasimami kwa karatasi ile peke yake. Kuna gari lililokabidhiwa, kuna fedha iliyolipwa, kuna mzee aliyepokea sehemu yake. Mkilichukua gari kwa nguvu, washtakiwa mtakuwa ninyi, na dalali atakuja mahakamani kama msikilizaji.

Kwenye cha juu ndipo watu wengi wanapopotea. Mwenye gari akisema "mimi nataka 11 mkononi, kinachozidi chako", dalali akiuza 14.5 amekula halali yake, hata kama roho inauma. Mzee hakusema hivyo. Alitaja kiwango ambacho gari lisiuzwe chini yake, na akataja ujira. Wakala aliyetajiwa ujira hana ruhusa ya kujichumia faida nyingine kwa siri kwenye kazi ileile. Alichopata juu ni cha aliyemtuma. Na kwa kazi aliyoiharibu hivi, hata hiyo laki tano mnaweza kuipinga. Kwa hiyo msikubali hesabu ya 5.5. Ni 9.5, na mkimwonea huruma mkamwachia udalali wake, ni 9.

Huo ujumbe wa sauti msiufute, wala msibadilishe simu bila kuuhifadhi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa simu unapokelewa mahakamani, ila mtaulizwa ulitokaje kwenye simu ya nani na ulihifadhiwaje.

Dalali Halali

Mimi ni dalali wa magari na sijifichi. Nakubaliana na wakili kwenye cha juu, lakini nanyi wauzaji mna yenu. Mtu anakwambia "nitafutie mteja mzuri", ukimuuliza udalali anasema tutaelewana. Hamuelewani. Ukimletea mteja wanapeana namba pembeni, unabaki unapiga miluzi. Ndiyo maana wengine wakajifunza kuficha bei.

Ila hili la kupokea hela yote na kumsainia mzee siyo udalali. Kwangu mnunuzi na muuzaji wanaonana, au wanaongea kwa simu ya video kama mmoja yuko mbali. Hela inatoka akaunti ya mnunuzi kwenda akaunti ya mwenye jina kwenye kadi. Mimi nasubiri changu pembeni. Anayekwambia "hela ipitie kwangu kwanza" muulize sababu.

Na huyo wakili aliyegonga muhuri je? Mbona hamumsemi?

Muhuri Mbele Yangu

Nilikuwa nakuja huko, na naona aibu kulisema. Muhuri ule maana yake ni kwamba wakili alimwona mtu akisaini mbele yake na alijua ni nani. Kama siku hiyo mzee alikuwa Nansio, basi wakili alishuhudia hewa. Malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa Kamati ya Mawakili, na mtu anaweza kusimamishwa au kuondolewa kabisa kwenye orodha. Kabla ya kufika huko mwandikieni barua, mumuulize alimtambua aliyesaini kwa kitambulisho gani. Mara nyingi barua hiyo peke yake inamfanya akumbuke sura ya aliyekuja ofisini.

Polisi nao, nadhani mlieleza kwa kuanzia mwisho. Ukisema "dalali hajamalizia hela yetu", umeeleza deni, na utajibiwa kama mwenye deni. Elezeni kilichotokea: mtu amepokea milioni 14.5 kwa niaba ya mwenye mali, akamdanganya bei, akaifanya fedha yake, na kuna mkataba wenye sahihi ya mtu ambaye hakuwepo. Wizi wa wakala uko kifungu cha 273 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka 10. Kughushi kunaanzia kifungu cha 333, na adhabu yake ya jumla mpaka miaka 7. Andikeni maelezo hayo kwa kalamu kabisa, mwende nayo kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na mtoke na RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi.

Jinai haizuii madai. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, gharama ndogo na lugha ni hii hii yetu. Anzeni na barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kulipa. Mkikosa hela ya wakili, tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, wapo kisheria tangu 2017.

Kigongo Feri

Hapo kwenye kadi mimi napingana nanyi wote. Kadi ndiyo silaha pekee waliyonayo. Wakimpa mama, dalali anapoteza anayemsumbua. Mwacheni mama ambane, yeye ndiye aliyetoa hela nyingi.

Nilishanunua Probox ya namna hii. Kadi ilikuwa imeshikiliwa na mkopeshaji na mwenye gari hakusema. Nilihangaika mpaka nikaifukuzia hela mwenyewe. Mnunuzi akiumia ndipo mambo yanasogea.

Bi Kirumba

Kigongo, uliumizwa wewe kwa hiyo naye aumizwe?

Muhuri Mbele Yangu

Kigongo ana hoja, lakini silaha hiyo inamlenga mtu asiye na kosa. Mama akichoka atamshtaki mzee, siyo dalali, kwa sababu jina lililoko kwenye kadi ni la mzee. Na gari likiendelea kutembea kwa jina la mzee, faini za barabarani zinaandikwa kwenye namba ileile, na likigonga mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye. Kushikilia kadi kunamgharimu mzee kuliko anavyodhani.

Jambo la msingi ni kwamba huyo mama ni shahidi wenu. Karatasi ya benki iko kwake, mkataba wa 14.5 uko kwake, na ndiye aliyeongea na dalali uso kwa uso. Bila yeye mna sauti ya mzee tu, na dalali atasema gari liliuzwa 11. Mkimfanya adui, atakaa kimya au atahamia upande wa dalali ili apate kadi yake.

Mwiteni. Atoe maelezo kwa maandishi, aambatanishe kopi za benki na huo mkataba. Mzee aandike mkataba mpya naye, safari hii wakiwa wote mbele ya wakili, ueleze kwamba fedha ilipokelewa na dalali fulani kwenye akaunti fulani. Kisha waende TRA na TIN zao kuhamisha umiliki.

Na bei iandikwe 14.5. Najua desturi yetu, watu wanaandika milioni 6 ili ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, upungue. Hapa tunazungumzia stempu ya 145,000. Mkiandika bei ya uongo ili kuokoa elfu 85, mmempa dalali utetezi wa mamilioni. Wakili wake atasimama na karatasi yenu wenyewe.

Jiwe la Bismarck

Sawa, nafuta kauli ya funguo. Ila gharama za kuhamisha alipe nani? Mama atasema siyo kosa lake.

Dalali Halali

Kawaida ni mnunuzi, msipopatana vingine. Mzee akichangia kidogo hatapungukiwa, mama ataona nia.

Mtoto wa Ukara

Wabeja sana wakuu. Nirudishe mrejesho.

Binamu ametulia, funguo ya akiba nimeichukua mimi. Mama wa Katoro tumeongea naye vizuri, alikuwa anaogopa kuliko sisi. Alidhani mzee na dalali wamekula njama. Amekubali kuja Mwanza na karatasi za benki, na mzee atavuka na meli waonane hapa mjini. Kwa upelelezi tumerudi na maelezo ya kuandikwa, safari hii wamefungua jalada na RB tumepewa. Wakili wa muhuri hajajibu barua, ila kijana wake wa ofisini ametupigia mara mbili kuuliza tunataka nini hasa.

Barua ya madai tulimpelekea dalali kwa mkono, akasaini kuipokea. Jioni yake akaja nyumbani mpole kweli. Anasema hela aliiingiza kwenye gari nyingine, hana taslimu. Anatoa milioni 2 sasa, na Passo moja iliyoko kwake tukae nayo mpaka amalize. Passo nimeiona, ni nzima. Binamu anasema tuichukue hata kesho.

Muhuri Mbele Yangu

Milioni 2 pokeeni, kwa risiti inayosema ni sehemu ya deni la 9.5, na aisaini. Asiposaini kiwango hicho, pokeeni kwa benki na mwandike ujumbe wenu wa kuitambua kama sehemu ya malipo.

Kadi ya Passo ina jina la nani?

Mtoto wa Ukara

La mtu mwingine. Anasema ni mteja wake wa Musoma, wameshamalizana.

Kigongo Feri

Hahahaaa.

Muhuri Mbele Yangu

Msiiguse hiyo Passo. Na mtafuteni huyo wa Musoma kabla hajapigiwa simu kutoka Katoro nyingine.

Mtoto wa Ukara

Namba yake ipo kwenye kopi ya kitambulisho, dalali mwenyewe alituonyesha. Nampigia sasa hivi.