Naomba ushauri: mbio za kilomita 5 kwenye tamasha la bia Ujerumani

Wakuu, habari za leo. Niko likizo Bavaria kwa dada yangu, na Jumamosi mjini kwao kuna tamasha la bia linaloanza asubuhi kwa mbio za kilomita 5. Nimeshajiandikisha. Kwetu Arusha nakimbia umbali huo kwa dakika 31, tena kwenye mwinuko wa mita 1,400, kwa hiyo pumzi sina wasiwasi nayo.

Kinachonisumbua ni bia. Ukimaliza unakabidhiwa glasi ya lita nzima, ile nzito yenye mkono, na bia za sherehe huku hufika asilimia 6. Mwaka jana nyumbani nilikunywa chupa moja mara tu baada ya kukimbia, jua kali, tumbo tupu. Nikaona giza, nikakaa chini ghafla. Mke wangu aliogopa sana.

Shemeji amenilipia kiingilio kwa moyo mweupe, sipendi kumkatalia mezani. Nikitanguliza maji na ule mkate wao wa chumvi uliosokotwa, nisubiri muda gani? Halafu asubuhi ni nyuzi 8: bukta inatosha kweli? Mliowahi kukimbia kwenye baridi hiyo nisaidieni, siku zimebaki tatu.