Tulilipa kikundi chetu kitangazwe, tukafanywa ombaomba. Sasa hata ukurasa hatupewi (Mombasa)

Wadau, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama upande wa Mikindani, pale mkono wa bahari wa Tudor unapoingia ndani. Tunaotesha miche ya mikoko kwenye viriba, tunapanda palipokatwa, na wageni wakija tunawapitisha kwa mtumbwi katikati ya mikoko, kisha tunawapikia. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na pweza siku akipatikana. Tuko wanawake 23 na vijana 6 wa kupiga kasia. Tuna cheti cha kikundi, tuna akaunti ya benki, tuna kitabu cha hesabu, na anayetaka kukiona aje akione.

Mwaka jana baada ya masika tulikaa kikao. Msimu wa Agosti ulikuwa unakaribia na hakuna mgeni hata mmoja aliyeweka nafasi. Wote waliokuwa wakija walikuwa wameambiwa na mtu aliyewahi kuja. Tukasema na sisi tutafute wa kututangaza mtandaoni. Ikaja kampuni moja ya hapa hapa mjini, vijana wawili, kamera nzuri, maneno matamu. Sh 60,000 kwa miezi sita: ukurasa wa Facebook, Instagram, tovuti, na kuwekwa kwenye ramani ya Google. Tukachanga. Kuna mwenzetu alitoa pesa zake za chama za mwezi ule, zamu aliyoingoja tangu Januari.

Naanza na picha, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi.

Mikoko hupandwa maji yakiwa yametoka, kwa hivyo siku waliyokuja kupiga tulikuwa tumezama kwenye tope hadi magotini. Bibi yetu mmoja, mkubwa wa umri kuliko sote, alikuwa ameinama anachomeka mche, leso imemshuka mabegani, kichwa kiko wazi. Mikono imejaa tope, hawezi kuivuta. Kijana akapiga. Nikamwambia palepale, "Mwanangu, hiyo usiiweke." Akaitikia, "Sawa, mama." Baadaye tulijiosha, tukavaa leso zetu za sare, tukapiga picha nyingine tukiwa na miche mikononi, tunacheka, na sahani za chakula mezani. Picha nzuri mno.

Wiki mbili baadaye nafungua ukurasa, ya juu kabisa ni ile ya bibi kwenye tope. Chini yake wameandika kwamba ni wajane wa Mombasa wanaopambana na njaa, watu watusaidie. Na namba ya M-Pesa, ambayo si yetu wala si ya mtu yeyote tunayemjua.

Njaa gani? Sisi tunauza chakula! Na katika hao 23, wajane ni 4. Mume wa mwenzetu mmoja anafanya kazi bandarini Kilindini. Alionyeshwa simu na wenzake wakati wa chakula, wakamuuliza, "Huyu si mkeo? Kwani wewe ulikufa lini?" Alirudi nyumbani hakusema neno mpaka asubuhi. Bibi naye alipoonyeshwa na mjukuu wake, aliuliza tu ni watu wangapi wameiona. Tangu siku hiyo hajashuka tena kwenye mikoko. Yeye ndiye aliyetufundisha wapi pa kupanda mkoko na wapi pa kuuacha mchu, aina nyingine ya mikoko, uote wenyewe. Hakuna kijana wala mtaalamu aliyetufundisha hayo, ni yeye.

Nilipompigia yule kijana alinijibu bila haya: "Mama, watu hawatoi pesa kwa watu wanaocheka." Nani alimwambia tunataka kupewa? Tuliomba atangaze safari ya mtumbwi na wali wa samaki. Hii biashara ya kuuza umaskini wa watu wa Pwani imezoeleka mpaka vijana wanadhani ndiyo kazi yenyewe. Mtu akituona hivyo hataileta familia yake ije kula. Ataona huruma, kisha atapita.

Halafu saa. Waliandika kwamba tuko wazi kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mtumbwi haufuati saa ya ofisi, unafuata maji. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, na kila siku yanasogea mbele karibu saa nzima. Tuliwaeleza, tukawapa na kijikaratasi. Basi Jumamosi moja, mwezi mpevu, saa nne na nusu, inaingia gari na familia ya watu saba kutoka Nairobi. Walikuja na treni ya Ijumaa, wakalala mjini, na wamekwisha kulipia mtumbwi na chakula. Wamemlipa nani? Ile namba. Sisi hatukuwa na habari, hakuna aliyewasha hata jiko. Pale maji yanapojaa pana tope tupu na kaa wanatembea. Baba mwenye familia akanyoosha simu, "Si ni nyinyi hawa?" Picha zetu, jina letu. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Tuliwapikia kwa pesa zetu wenyewe, na maji yalipopanda tukawapitisha. Walikuwa wastaarabu sana, Mungu awabariki. Ila najua si wote waliolipa kule walifika hapa, na wale wasiofika wanatutaja kwa jina gani huko walipo?

Sasa sikilizeni la wafuasi. Ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu kumi na moja na kitu tangu wiki ya kwanza. Tulifurahi, wallahi, tulipiga vigelegele. Lakini tukiweka habari ya safari hakuna anayeuliza bei, hakuna anayeuliza mko wapi. Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo hapa Tudor, akaketi na mimi barazani akachukua simu yangu. Akaingia sehemu ya ukurasa inayoeleza habari zake, pale Facebook inapoonyesha ulifunguliwa lini na uliwahi kuitwa majina gani. Mtu yeyote anaweza kuangalia, si siri. Ukurasa "wetu" ulifunguliwa miaka mingi kabla ya kikundi kuzaliwa, na ulikuwa ukurasa wa dondoo za kubeti mpira. Walibadilisha jina tu, wakatuuzia. Wale elfu kumi na moja ni wacheza kamari. Wanawake wanaoanza kikao kwa dua wamekalishwa juu ya ukurasa wa kamari, na tumelipia.

Na si haramu tu, hata kikazi ni mbovu. Facebook hukitoa unachoandika kwa watu wachache kwanza. Wasipojali, inapunguza kuwaonyesha wengine. Kwa hivyo kila tulichoandika kilikwenda kwa watu waliokuwa wakisubiri matokeo ya mechi, kikafia hapo hapo, na mtu wa Nyali au Bamburi anayetafuta pa kupeleka watoto Jumapili hakutuona kabisa. Wangefungua ukurasa mpya wenye watu mia mbili wa Mombasa, na kulipia tangazo dogo la kuzunguka kilomita chache kutoka hapa, tungepata wageni. Facebook yenyewe inakuruhusu kuchagua hivyo.

Tulipodai ukurasa, jibu ni kwamba ni mali ya kampuni, sisi tulilipia "huduma". Tulidhani sisi ni wasimamizi kwa kuwa tuliweza kuandika. Kumbe tulipewa ruhusa ya kuandika tu, na mamlaka kamili yako kwenye akaunti yao. Nilipolalamika mara ya tatu, hata hiyo ya kuandika wakaiondoa. Tovuti hivyo hivyo: anwani inayoishia na .or.ke imeandikishwa kwa jina la kampuni, si la kikundi. Ramani ya Google walitutoza Sh 8,000 ndani ya zile 60,000, na Google haitozi hata senti kumweka mtu kwenye ramani. Hiyo ramani angalau tumeipata. Yule mtoto wa dada yangu aliomba umiliki moja kwa moja kwa Google, aliyeishika akapewa siku chache za kujibu, akanyamaza, tukathibitisha wenyewe kwa simu na video ya banda letu. Saa tumeziandika upya, na ya kwanza tuliyoandika ni kwamba upige simu kwanza kuuliza maji.

Najua kuna watakaosema tungesoma mkataba. Tulikuwa na karatasi moja yenye muhuri, imeandikwa "kutangaza kikundi", na bei. Tuliisoma mara mbili. Mngekuwa nyinyi mngeuliza nani ana mamlaka kamili ya ukurasa? Labda. Sisi hatukujua kama hilo ni swali. Kama kikundi chako kinataka kutangazwa, fungueni ukurasa wenyewe kwa simu ya mwanachama, wawili au watatu muwe na mamlaka kamili, ndipo mumkaribishe mtu aje aandike na kupiga picha. Siku akiharibu, mnamtoa kwa kidole kimoja. Anwani ya tovuti iandikwe jina la kikundi, na namba ya malipo iwe till (namba ya M-Pesa ya biashara) ya kikundi, isiwe namba ya mtu hata awe mwema namna gani.

Upande wa sheria tumeanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha ya mtu ni data yake, na kuitumia kwenye tangazo kunataka ridhaa yake. Katika picha mojawapo yumo mjukuu wa mwanachama akiwa na sare ya shule, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi, ambaye hakuulizwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hivyo asije mtu kuniambia hili ni jambo dogo. Tumeandika lalamiko, sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Bibi alitia dole gumba mwenyewe. Hakutaka kuandikiwa kwamba anadai fidia. Alisema waandike tu kwamba anataka ile picha itoke.

Kampuni siitaji hapa, kwa sababu lalamiko liko ofisini na sitaki kuliharibu. Wao wakisoma watajijua.

Ninachotaka kwenu ni viwili. Aliyewahi kurudishiwa ukurasa wa Facebook ulioshikwa na kampuni, anieleze alipitia wapi na alipeleka karatasi gani. Tuna cheti, tuna kumbukumbu za vikao, tuna ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote matatu. Na la pili: ukikutana na picha ya bibi aliyeinama kwenye tope, kichwa wazi, na namba ya pesa chini yake, usitume hata shilingi. Usimtumie mtu mwingine hata kwa kulaani. Iripoti, kisha uifunge.