Mshahara wote unaishia kwa kausha damu: nivunje mchezo au niongeze mkopo benki?

MamaPacha Moro: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Morogoro. Benki wakishakata rejesho lao na Bodi ya Mikopo ikachukua asilimia 15 yake, mkononi inabaki 385,000. Mama aliugua, nikakopa 400,000 kwa mama mmoja wa kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Riba ni 80,000 kila mwezi, na deni lenyewe hapokei nusu nusu, anataka lote kwa mkupuo. Huu ni mwezi wa tano nalipa riba tu. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Siku ya mshahara tunaongozana hadi ATM kama maharusi.

Ukitoa hiyo riba, kodi 70,000, nauli 40,000 na mchezo wa walimu (tunachanga, anapokea mmoja kwa zamu) 50,000, inabaki 145,000 ya umeme, maji, mkaa, michango ya shule na kulisha watu watano. Baba watoto anaendesha bodaboda ya hesabu, ya tajiri anayepelekewa hela yake. Akipata anaacha elfu tano mezani, asipopata ananyamaza. Kwa Mangi wa duka nadaiwa 63,000, siku hizi napita njia ya nyuma.

Benki wanasema naweza kuongezewa mkopo. Nichukue? Au nijitoe kwenye mchezo nipumue?

Hesabu Kali: Dada, 80,000 mara tano ni 400,000. Umeshalipa deni zima na bado unadaiwa zima! Anza na huyo, Mangi hatozi riba. Kwa wakopeshaji wa aina hiyo Benki Kuu iliweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa deni lako ni 14,000. Na sheria ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni. Kushikilia kadi ya mtu nako ni marufuku. Mwombe leseni umwangalie usoni.

Kijana wa Msamvu: Ongeza mkopo benki, lipa wote, maisha yaendelee.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu usimsikilize. Mimi niliongeza mara mbili, mkopo wa miaka mitatu nikaulipa karibu tisa. Ukiomba laki nne watakushawishi uchukue milioni, na hiyo iliyozidi itaisha hujui imekwenda wapi.

Bi Kihonda: Mchezo usivunje shoga! Wewe namba ngapi?

MamaPacha Moro: Namba 8. Tuko kumi, juzi katoka wa 3.

Bi Kihonda: Basi laki tano yako ipo, iko mbali tu. Zungumza na namba 4 mbadilishane. Sisi sokoni kila siku tunafanya hivyo, unamwachia elfu ishirini ya soda. Laki nne peleka kwa huyo mama, nenda na shahidi, urudi na kadi yako na karatasi aliyosaini. Mangi mpe 63,000 zake. Inabaki 17,000, nunua unga.

Hesabu Kali: Hapo sawa, ila angalia tarehe. Riba ya mwezi huo ilipe kwenye mshahara kama kawaida, na laki nne ifike wiki hiyohiyo kabla hajaanza kuhesabu mwezi mwingine. Akishafungua mwezi mpya atadai 480,000 na hesabu yote ya Bi Kihonda inavurugika.

Mwalimu Mstaafu: Na baba watoto anajua?

MamaPacha Moro: Anajua la Mangi tu.

Mwalimu Mstaafu: Mwambie leo. Hiyo elfu tano anaiacha akidhani mshahara wako uko mzima.

MamaPacha Moro: Wakuu, narudi. Namba 4 amekubali ila kataka elfu thelathini, nikaona twende hivyohivyo, Mangi nitampunguzia hamsini kwanza. Baba watoto nilimweleza jana usiku. Alikaa kimya mpaka nikaogopa. Leo asubuhi kaacha elfu saba. Leseni sijaomba bado, nangoja kadi irudi mkononi kwanza.