Mgonjwa wa korona yuko ndani na hatutoki: klorini inachanganywaje, na choo kimoja tunakitumiaje?

Pazia la Bluu:
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua. Tuko chini ya amri ya kutotoka nje, na mmoja wa watu wa nyumbani amepimwa akakutwa na korona. Ana homa, kikohozi na uchovu, hajazidiwa. Vyumba ni viwili, choo na bafu ni kimoja. Nina chupa ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, imeandikwa 3.5%. Vipimo vya mitandaoni vinapingana: huyu anasema sehemu 1 kwa 49 za maji, yule 1 kwa 24. Nishike kipi? Na nguo zake je?

Fundi Maabara:
Ndugu, vyote viwili ni sahihi, ila kila kimoja kina chupa yake. 1 kwa 49 ni ya dawa ya 5%, 1 kwa 24 ni ya dawa ya 2.5%. Yako haimo. Gawanya nguvu ya dawa kwa nguvu unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ndilo sehemu za maji. Kwa kufuta vitasa, swichi, bomba na meza unahitaji 0.1%. Basi 3.5 gawanya kwa 0.1 ni 35, toa 1, zinabaki sehemu 34. Kwa lita moja weka mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Palipomwagika damu au matapishi, panguse kwanza, kisha tumia 0.5%: kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji.

Watu wengi hukosea hapa:

Maji ya moto. Joto huiharibu klorini, tumia ya baridi.

Kupaka dawa juu ya uchafu. Uchafu hula klorini kabla haijafika kwa kirusi. Sugua kwa sabuni, suuza, ndipo ufute kwa dawa, na upaache pawe na majimaji kwa dakika 10. Ukikausha papo hapo umefanya kazi bure. Vyuma visuuze baadaye, hushika kutu.

Kuweka akiba. Mchanganyiko ukishapita siku moja umwage, utengeneze mwingine.

Na tafadhali sana, usiichanganye na siki, dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia. Inatoka gesi inayounguza mapafu, na ndani ya choo kidogo kilichofungwa inaweza kuua. Usiipulizie hewani, usiogee, usioshee mboga.

Mama Zamu:
Kwa nguo: usizikung'ute, zibebe kwenye beseni mbali na mwili. Ukiweza maji ya nyuzi 60 au zaidi na sabuni, hiyo inatosha. Kama huwezi, fua kwa sabuni, kisha loweka nusu saa kwenye klorini ya 0.05%, kwa dawa yako ni mililita 150 kwenye ndoo ya lita 10. Suuza vizuri. Za rangi zitapauka, hizo afadhali uzitafutie maji ya moto. Vyombo vyake ni sabuni na maji moto tu, havihitaji klorini.

Choo: panapowezekana mgonjwa aingie wa mwisho, avae barakoa, afunike choo kabla ya kuvuta maji, aache dirisha wazi. Miswaki na taulo za wengine zitoke humo kabisa.

Kingine ambacho hukuuliza, dada au kaka: tafuteni kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Apumzike kwanza, mkono uwe na joto, kucha zisiwe na rangi, na msubiri namba itulie. 95 kwenda juu ni sawa. Ikishuka hadi 94 au chini, pigieni wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi, kwa hiyo msiiamini peke yake. Akihema kwa shida akiwa amekaa, akichanganyikiwa, kifua kikimbana, au ufizi na ndani ya midomo vikibadilika rangi kuwa kama bluu, msingoje namba.

Dirisha Wazi:
Waliotangulia wamesema kweli, lakini nguvu zenu nyingi zipelekeni kwenye hewa. Korona hupita zaidi kwa hewa mnayovuta pamoja kuliko kwa kitasa. Mlango wa mgonjwa ufungwe, dirisha lake liwe wazi, na chini ya mlango zibeni kwa taulo. Feni ikae dirishani ikitazama nje, itoe hewa. Anayempelekea chakula avae barakoa iliyobana pua, naye mgonjwa avae, na asikae humo kupiga soga.

Pazia la Bluu:
Asanteni sana. Feni tuliyonayo ni ya darini tu, iko chumbani kwake. Iwashwe?

Dirisha Wazi:
Dirisha likiwa wazi na mlango umefungwa, iwashe taratibu. Dirisha likifungwa, izime: ya darini huzungusha hewa ileile, haiitoi. Mkiingia kumhudumia, izimeni kwanza.