Mrejesho: Baiskeli ya kwendea kazini, Konde

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Januari niliuliza hapa iwapo mgeni kama mimi, niliyehamishiwa kufundisha katika kijiji cha karibu na Konde, Pemba, ambako gari hazipiti mara kwa mara, anaweza kutegemea baiskeli kila siku. Nawashukuru sana nyote mliojibu.

Nilinunua baiskeli ya chuma iliyotumika, isiyo na gia, kama mlivyonishauri, kwa kuwa mafundi wa huku wanaijua vyema. Kuinua kiti hadi mguu ukaribie kunyooka ninapokanyaga pedeli kumeniondolea maumivu ya magoti, jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Mnyororo naufuta na kuutia mafuta kila Ijumaa, maana hewa ya chumvi huula upesi.

Kilichonishinda ni masika: tope la mfinyanzi lilijaa baina ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nikaibeba baiskeli begani mpaka barabara ya lami. Fundi aliniambia niyavue madigadi hadi mvua zikatike, na sasa nafika, ingawa suruali hutapakaa tope na hulazimika kufunga nyingine kwenye kareia. Kilima cha mwisho bado nakipanda kwa miguu, nikiikokota.